Steringi hafi: riwaya za Star Trek zinazomfuata Uhura, Garak na wenzao

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa chuo aliyeko Morogoro: "Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kuangalia Star Trek ya zamani, ile tamthilia ya Marekani ya safari za angani, pamoja na Deep Space Nine ya ukoo huohuo. Ninaowapenda ni Uhura na Garak, lakini kwenye tamthilia wanapewa dakika chache halafu wanarudishwa pembeni. Nimesikia kuna riwaya zinazowahusu. Je, ni fasihi kweli au watu wanauza jina tu? Yaliyoandikwa humo yanahesabika kuwa yalitokea? Na nikitaka kuanza, nianze na ipi?"

Marahaba, binti yangu. Riwaya hizi nimezisoma kwa miaka mingi, nyingi nikizipata kwa wauza vitabu vya mitumba, jalada limechanika na kurasa za mwisho hazipo, kwa hiyo umeniuliza jambo ninalolipenda. Niwie radhi jibu likirefuka.

Kizazi changu kilijifunza kanuni ya kwanza ya filamu kwenye vibanda vya video: steringi hafi. Ukichelewa kuingia, picha imefika katikati, unamnong'oneza wa jirani, "Steringi yupi?" Ukishaonyeshwa, roho inatulia. Risasi zitamkosa, ghorofa litaporomoka atoke na vumbi tu begani. Wa kumhofia ni rafiki yake, yule anayecheka sana mwanzoni na kuonyesha picha ya mchumba wake. Huyo hamalizi.

Kwenye tamthilia ya televisheni kanuni hiyo inakwenda mbali zaidi. Steringi hafi, tena habadiliki. Kapteni Kirk, mkuu wa chombo cha angani Enterprise katika Star Trek ya kwanza, anaweza kupenda, kupoteza, kuchanganyikiwa, kuzeeka ghafla kwa ugonjwa wa ajabu, lakini dakika ya mwisho lazima awe amerudi kwenye kiti chake akiwa yuleyule, kwa sababu wiki ijayo kuna hadithi nyingine inayomhitaji vilevile alivyokuwa. Sehemu zote 79 za Star Trek ya kwanza, kuanzia 1966 hadi 1969, zilijengwa juu ya msingi huo.

Sasa mfikirie mtu anayepewa kazi ya kuandika riwaya kuhusu tamthilia hiyo. Hadithi si mali yake. Anaandika muhtasari, mchapishaji anaupeleka kwa kampuni yenye haki za tamthilia, kampuni inaupitia na kusema hiki sawa, kile toa. Akimaliza mswada, nao unapitiwa. Kitabu kikichapishwa, haki inabaki kwa kampuni. Mwandishi wa namna hii ni mpangaji. Sebuleni, wanakokaa Kirk na msaidizi wake Spock, haruhusiwi kupigilia hata msumari wa kutundikia picha. Akihamisha kiti leo, kesho anatakiwa awe amekirudisha.

Lakini nyumba ina vyumba vya uani. Huko mwenye nyumba hajaingia miaka mingi, pengine hakumbuki hata alichoacha ndani. Uhura alizaliwa wapi? Sulu, mshika usukani wa Enterprise, anataka nini maishani? Garak alifukuzwa kwao kwa kosa gani? Tamthilia haikusema, na kwa kuwa haikusema, mpangaji anaweza kufungua madirisha, kupaka rangi, kulala huko. Hapo ndipo riwaya nyingi nzuri za aina hii zilipoandikiwa. Biashara ipo na haijifichi, ila imeacha mlango wa nyuma wazi, na waandishi wenye kipaji wameupitia.

Shuleni ulifundishwa mhusika bapa na mhusika duara. Bapa ana sifa moja na habadiliki; duara ana pande nyingi na hadithi inamgeuza. Kwenye runinga Uhura amefanywa bapa kwa lazima ya ratiba, kwa sababu dakika hamsini hazimtoshi kila mtu. Riwaya ya kurasa mia tatu inazo nafasi za kumzungusha. Kipimo changu ni kimoja, nami nakupa ukitumie: kitabu kikiisha, je, mhusika anaweza kurudi kwenye nafasi yake ya zamani bila sisi kumwona tofauti? Kama anaweza, ulichosoma ni sehemu nyingine ya tamthilia iliyochapwa kwenye karatasi. Kama hawezi, umesoma riwaya.

Nianze na Uhura, ofisa wa mawasiliano kwenye chombo cha Kirk, maana huyu ana udugu na lugha yetu.

Jina lake limetokana na neno uhuru. Nichelle Nichols, mwigizaji aliyemcheza, alisimulia mara nyingi kwamba siku ya majaribio alikuwa na kitabu mkononi chenye jina Uhuru, riwaya ya Mmarekani Robert Ruark kuhusu Kenya. Gene Roddenberry, mwenye tamthilia, alilipenda neno, wakaligeuza irabu ya mwisho ili lisikike kama jina la mwanamke. Sisi tunajua Kiswahili hakigeuzi jinsia kwa irabu, na masikio yetu yanashtuka kidogo kila likitamkwa. Hata hivyo fikiria mwaka wenyewe ni 1966, mataifa ya Afrika Mashariki yametoka kupata bendera zao, na neno lile linapandishwa kwenye runinga ya Marekani likiwa jina la afisa mwanamke mweusi mwenye cheo. Usiku wa kwanza kabisa wa tamthilia hiyo, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza sura alimjia Uhura kwenye ujia wa chombo akiwa na umbo la mwanamume mweusi, akamsemesha Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili kilisikika katika Star Trek tangu siku iliyofunguliwa.

Baada ya hapo walimpa nini cha kufanya? Kufungua masafa ya mawasiliano, kifaa sikioni, na kutangaza kwamba hakuna jibu. Nichols mwenyewe alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, na ni Martin Luther King aliyemsihi abaki, akimwambia uzito wa watu weusi kumwona pale. Alibaki, lakini maneno aliyopewa hayakuongezeka sana.

Kuna sehemu moja ya 1967 iitwayo The Changeling ambayo nakuomba uirudie. Mashine iitwayo Nomad inamsikia Uhura akiimba, inashindwa kuelewa, inamchambua na kumfuta kumbukumbu zote. Zote. Kisha tunamwona zahanati, amekaa mbele ya skrini kama mtoto wa darasa la kwanza, muuguzi Chapel akimfundisha kusoma sentensi kwamba mbwa ana mpira. Anasoma neno kwa neno. Akifika kwenye neno linalomkwaza anakasirika, na hasira inamtoka kwa Kiswahili. Hapo waandishi waligusa jambo la kweli pengine bila kukusudia: lugha ya kwanza iko chini kuliko pale mashine ilipofika. Na baada ya hapo? Daktari anasema ndani ya wiki atakuwa amerudi kazini. Wiki inayofuata Uhura yuko kwenye kiti chake, kifaa sikioni, na suala lile halikutajwa tena.

Mtu amefutwa maisha yake yote, mama yake, utoto wake, nyimbo zake, na tamthilia ikaendelea na mambo mengine. Shimo la namna hiyo ndilo chumba cha uani ninachokuambia. Miaka 54 baadaye, mwaka 2021, Christopher L. Bennett alitoa riwaya Living Memory, na kiini chake ni hilohilo: Uhura aliyepanda cheo, anayejua kutoka kwenye kumbukumbu za maandishi kwamba aliwahi kufanya jambo fulani zamani, wakati ndani yake hakuna chochote cha kulishuhudia. Mambo ya hatari yanazuka yanayohusiana na kazi yake ya kabla ya Nomad, na yeye ndiye shahidi asiyekumbuka. Kama fumbo la kisayansi, kitabu hiki ni cha kawaida. Kama picha ya mwanamke anayeishi na nusu ya maisha aliyosimuliwa na wengine, kinakaa moyoni.

Lakini kitabu cha Uhura kinachopendwa zaidi ni cha zamani: Uhura's Song, cha mwaka 1985, riwaya ya kwanza ya Janet Kagan. Kuna sayari ya watu wenye umbo la paka inayoangamizwa na tauni, nayo imeanza kuwapata binadamu. Uhura ana rafiki huko, Sunfall, ambaye zamani walibadilishana nyimbo kama wafanyavyo watu wawili wanaopenda sauti zaidi ya maneno. Baadhi ya nyimbo alizofundishwa ni za kale, ambazo kwa watu wa Sunfall ni mwiko kuzitaja. Uhura anagundua kwamba nyimbo hizo zimebeba habari ya nchi ya asili waliyotoka mababu zao, nchi ambayo kizazi cha sasa kimekatazwa kuikumbuka, na huko huenda tiba ipo. Chombo kinaongozwa angani na wimbo.

Kwa mtu aliyekulia kwenye tenzi, au aliyemsikia bibi akiimba wimbo wenye jina la mahali ambapo hakuna anayepajua tena, wazo hilo halihitaji maelezo. Tunajua wimbo ni sanduku. Kagan alilijua pia, na akampa Uhura kazi inayolingana na kipaji chake: kusikiliza, kukumbuka, kupatanisha maana ya lugha mbili. Kwa mara ya kwanza ofisa wa mawasiliano anawasiliana kweli. Wakifika kwenye sayari ya asili wanakuta wenyeji hawamhesabu mgeni kuwa mtu mzima mpaka apitie safari ya porini wanayopitishwa vijana wao, na Kirk na wenzake wanaingia humo kama vijana wanaoingia jandoni. Mwandishi hana haraka, anaacha desturi zijieleze zenyewe kwa matendo.

Sitakuficha kasoro yake. Kagan alimleta mhusika wake mpya, daktari Evan Wilson, mwanamke mdogo wa umbo na mwingi wa akili, na kadiri kurasa zinavyokwenda Wilson anazidi kuchukua nafasi. Kuna sura nzima ambapo Uhura, mwenye jina juu ya jalada, yuko pembeni tena. Ugonjwa huu ni wa kawaida kwenye riwaya hizi: jalada linakuahidi msaidizi, ndani unakutana na Kirk na mgeni wa mwandishi. Kitabu hiki kimeokolewa na ule wimbo.

Hapa niingilie swali lako la pili, la kama yaliyomo yanahesabika. Msimamo wa kampuni tangu zamani ni kwamba kilichotokea ni kile kilichoonyeshwa kwenye runinga au sinema. Kitabu hakiwafungi waandishi wa tamthilia. Kwa sheria, basi, hapana. Kwa maisha yenyewe ya hadithi, ngoja nikuonyeshe majina mawili.

Sulu hakuwa na jina la kwanza kwenye tamthilia. Mwaka 1981 Vonda N. McIntyre aliandika The Entropy Effect, riwaya iliyompa Sulu hamu yake mwenyewe: anataka kupanda, anaona akibaki Enterprise atabaki mshika usukani milele, anaomba uhamisho kwenda chombo kingine. McIntyre alimwita Hikaru. Miaka kumi baadaye, katika sinema ya sita ya 1991, Sulu anaonekana akiwa kapteni wa chombo chake mwenyewe, na jina analojitambulisha nalo ni Hikaru Sulu.

Uhura naye hakuwa nalo. Mwaka 1982 William Rotsler aliandaa kitabu cha wasifu wa wahusika kwa ajili ya sinema ya pili, akamwita Nyota. Waandishi wa riwaya wakalichukua, mashabiki wakalizoea, likakaa kwenye karatasi kwa miaka 27. Mwaka 2009 sinema mpya ikatoka, Spock akalitamka kwa sauti ya chini, na ukumbi mzima ukajua kwamba ni lake. Waingereza na Wamarekani walisikia jina zuri la kigeni. Mimi nilisikia neno ambalo mtoto yeyote wa Tanga akinyoosha kidole juu usiku atalitamka. Nililia kidogo, nakiri, na sioni haya.

Kwa hiyo kitabu hakihesabiki, lakini kinavuja. Maji ya uani yanapita chini ya ukuta hadi sebuleni. Tazama pia tamthilia mpya, Strange New Worlds, ya mwaka 2022. Uhura kijana ni mwenyeji wa Kenya, familia yake ilifariki kwenye ajali, na katika sehemu ya pili ya msimu wa kwanza ni yeye, kwa kuimba, anayeelewana na nyota mkia ambayo haikusikia lugha nyingine yoyote. Sidai kwamba waandishi walimsoma Kagan. Nasema kwamba mtu aliyesoma kitabu cha 1985 alilitambua tukio hilo papo hapo, kwa sababu Uhura wa wimbo alikwisha kuishi miaka 37 kwenye karatasi kabla skrini haijampa nafasi hiyo.

Sasa Garak. Kama utasoma kitabu kimoja tu katika vyote ninavyovitaja, kiwe hiki.

A Stitch in Time kilitoka mwaka 2000, mwaka mmoja baada ya Deep Space Nine kuisha, na kimeandikwa na Andrew J. Robinson, mtu yuleyule aliyemwigiza Garak. Unamkumbuka: fundi cherehani mpole kwenye kituo cha anga, Mkadasia (mtu wa sayari ya Cardassia) pekee aliyebaki baada ya wenzake kuondoka, jasusi wa zamani anayesema uongo kwa raha kiasi kwamba hata ukweli wake unauogopa. Kwa miaka saba jina lake halikuwahi kuwa miongoni mwa waigizaji wakuu mwanzoni mwa tamthilia. Kila mara alikuja kama mgeni mwalikwa. Robinson, ili amwelewe mtu wake, alianza kumwandikia shajara. Akawa anaisoma mbele ya mashabiki kwenye mikutano yao. Shajara ikanenepa mpaka ikawa riwaya.

Jina la kitabu ni nusu ya methali ya Kiingereza ya ushonaji, yenye maana ileile ya yetu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Inafaa sana, kwa sababu kitabu kinaanzia kwenye kuta zilizoanguka. Vita imeisha, nchi ya Garak ni vifusi, naye amerudi nyumbani baada ya uhamisho wa miaka. Anamwandikia barua ndefu Daktari Bashir, rafiki yake wa mezani wa miaka yote ile. Ndani ya barua hiyo kuna nyuzi tatu zinazopishana: maisha ya sasa kwenye magofu, yeye na wenzake wanapofukua maiti, siku za mwisho za kituo kabla ya shambulio kubwa, na utoto na ujana wake, ambao hakuwahi kumweleza mtu bila kuupinda.

Ngoja nikae kidogo kwenye shule. Garak anapelekwa akiwa kijana kwenye taasisi ya Bamarren, wanakofundishwa watumishi wa siri wa dola. Kitu cha kwanza wanachonyang'anywa ni jina. Kila mwanafunzi anapewa kundi na namba, naye anakuwa wa kumi katika kundi la Lubak. Hakuna kumwita vingine. Huko nyikani anakutana na mnyama mdogo wa jamii ya mijusi, mwenye uwezo wa kujifananisha na kila kitu kilichomzunguka asionekane. Kijana anakaa naye, anamwangalia, anajifunza kutulia kama yeye, anampa jina la Mila, mwanamke aliyemlea nyumbani. Mtoto aliyenyang'anywa jina lake anampa mjusi jina la mama. Robinson haelezi zaidi ya hapo, na hakupaswa kueleza. Ukifika ukurasa huo utaelewa kwa nini mtu huyu, miaka mingi baadaye, anaweza kukaa kwenye duka la nguo akapima suruali za maadui zake kwa tabasamu.

Na kuna Tolan, mtunza bustani aliyemlea, aliyemfundisha udongo na maua. Kwenye tamthilia tunajua baba mzazi wa Garak ni Enabran Tain, mkuu wa majasusi, na uhusiano wao ni wa baridi ya kutisha. Riwaya inamweka Tolan kando ya Tain bila kelele. Baba mmoja alimfundisha kuotesha, mwingine kuzika. Ukirudi kuangalia tamthilia baada ya kusoma, kila mara Garak akitaja kwa utani kwamba aliwahi kuwa mtunza bustani, hutacheka tena.

Kwa kipimo changu kitabu hiki kinafaulu kwa mbali. Garak wa ukurasa wa mwisho hawezi kurudi dukani. Na lugha yake ni ya mtu mmoja tu duniani: adabu nyingi, sentensi zinazozunguka jambo kabla ya kuligusa, na ghafla neno moja tupu. Mwigizaji aliyeishi na sauti hiyo miaka saba aliijua mpaka pumzi. Mwaka 2023 Robinson alikisoma mwenyewe kitabu kizima kwa sauti, na kama intaneti yako inaruhusu, hivyo ndivyo ningependa ukipate.

Mwigizaji kumwandikia mhusika wake si jambo la Star Trek peke yake. Uingereza, Ian Marter alimcheza Harry Sullivan, daktari wa jeshi la majini aliyesafiri na Doctor, steringi wa tamthilia ya Doctor Who, katikati ya miaka ya sabini, kisha mwaka 1986 akaandika Harry Sullivan's War, riwaya ambayo Harry amerudi maisha yake ya kawaida na kuingizwa kwenye njama ya silaha ya sumu, bila Doctor wa kumwokoa. Ni hadithi ya kijasusi ya kawaida, nusu yake ni kukimbizana, lakini ina kitu ambacho tamthilia haikumpa Harry: heshima. Marter alifariki mwaka huohuo.

Ukitaka upande wa mwovu, tafuta riwaya tatu za J. Gregory Keyes za 1998 na 1999 kuhusu Psi Corps, idara ya wasoma mawazo kwenye Babylon 5, tamthilia nyingine ya angani. Kiini chake ni Bester, ofisa mkatili ambaye runinga ilimwonyesha mara chache tu. Kitabu cha mwisho kinamkuta mzee, mkimbizi wa sheria, amejificha Paris, anaanza kupenda. Keyes hamsafishi. Anakuonyesha tu jinsi taasisi inavyomlea mtoto mpaka taasisi iwe mama yake, na unafunga kitabu ukiwa umemwelewa mtu ambaye hutaki kumsamehe. Aliyemwigiza Bester ni Walter Koenig, yuleyule Chekov wa Star Trek ya zamani. Miaka yote ile kando ya mshika usukani na hatukujua kwamba anaweza kutisha hivyo.

Mara nyingine ufa wa kuingilia ni sentensi moja. Katika sinema ya Star Trek ya 1994 Kirk anatambulishwa kwa Demora, binti wa Sulu, naye anajiuliza Sulu alipata lini muda wa kuwa na familia. Mwaka uliofuata Peter David akatoa The Captain's Daughter, riwaya nzima ya kujibu swali hilo. Ndivyo kazi hii inavyofanyika: unasikiliza kile ambacho tamthilia imeuliza na kupita.

Nirudi kwenye suala la kuhesabika, maana lina upande wa uchungu na sitaki uupate kwa kushtukizwa. Baada ya Deep Space Nine kuisha, kuanzia 2001 waandishi waliiendeleza kwenye riwaya, na kwa miaka ishirini hivi vitabu vingi vya Star Trek viliungana kuwa hadithi moja kubwa, wasaidizi wakapanda vyeo, wakaoana, wakafa. Huko steringi aliweza kufa, kwa kuwa runinga ilikuwa imewaacha. Kisha mwaka 2020 ikaja tamthilia ya Picard, ikapanga mambo tofauti kabisa. Waandishi hawakuacha hadithi yao ikatike kama uzi. Dayton Ward, James Swallow na David Mack waliandika riwaya tatu mwaka 2021, ziitwazo kwa pamoja Coda, zilizoufunga ulimwengu ule wote kwa makusudi. Nimezisoma mara moja na sidhani kama nitazirudia, ni msiba. Upande wa Star Wars lilitokea la namna hiyo Aprili 2014, wenye haki walipotangaza kwamba riwaya karibu zote za zamani zitaitwa hekaya, zisihesabike tena. Lakini Thrawn, kamanda aliyebuniwa na Timothy Zahn kwenye riwaya ya 1991, aliletwa kwenye skrini miaka miwili tu baada ya tangazo hilo. Hata waliofukuzwa wanarudi, mradi msomaji amewakumbuka.

Kwa hiyo usimuulize mwenye nyumba kama kitabu kinahesabika. Uliza kama ukirudi kwenye skrini unamwona mtu yule kwa macho mengine. Mimi siwezi tena kumwona Garak akikunja kitambaa bila kumwona Tolan akiinama kwenye udongo, na hakuna tangazo la kampuni linaloweza kuliondoa hilo.

Kuhusu pa kuanzia, usifuate miaka wala namba za mfululizo; hutamaliza, na nyingi hazistahili muda wako. Vyote nilivyovitaja ni vya Kiingereza. Cha Kagan kina Kiingereza chepesi na unaweza kukisoma bila kujua kitu kingine chochote, kwa hiyo kianze. Cha Robinson kinataka uwe umeiangalia Deep Space Nine mpaka mwisho, nawe umeshaimaliza, basi kifuate. Soma barua ile polepole, usiku mmoja sura moja au mbili, kwa sababu zile nyuzi tatu zinachanganya ukikimbia. Vya Keyes viache mpaka utakapoiona Babylon 5.

Kile cha Bennett kiwe cha tatu. Ila kabla hujakifungua, irudie The Changeling, nenda moja kwa moja zahanati, kwenye mbwa na mpira. Msikilize Uhura anapokasirika na kuiacha lugha ya watu, halafu fungua ukurasa wa kwanza usiku huohuo, sauti ile ikiwa bado masikioni.